Kioo Kilichojifunza Kungoja

Mwezi wa Desemba mwaka 1987 nilikuwa mwanafunzi wa darasa la tano, na nyumba yetu mjini Kisumu, katika mtaa wa Makasembo, ilikuwa miongoni mwa nyumba chache za safu ile zilizokuwa na televisheni. Kilikuwa chombo kizito cha picha nyeusi na nyeupe, ambacho baba alikinunua kwa mtu aliyekuwa akihamia Nakuru, na kila usiku mama alikifunika kwa kitambaa cha kufuma kana kwamba kilisikia baridi. Siku ninayoikumbuka ni ile ambayo Gor Mahia ilirudiana na Espérance ya Tunis katika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Mchezo wa kwanza, huko Tunis, ulikwisha kwa sare ya mabao mawili kwa mawili. Sasa mchezo ulikuwa Nairobi, na majirani wote wakawa ndugu zetu. Wazee walipewa viti, akina mama wakasimama ukutani, sisi watoto tukaketi sakafuni, na waliochelewa wakajaza madirisha hata hewa ikawa haba.

Basi katikati ya mchezo picha ikaanza kupanda. Ilipanda polepole kama pazia linalovutwa; ukanda mweusi ukatokea chini, ukapita mbele ya macho yetu, ukapotelea juu, na mwingine ukafuata. Miguu ya wachezaji ikawa juu, vichwa vyao chini. Watu walipiga kelele kama waliona nyumba inaungua. Baba aliinuka bila neno, akapitisha mkono nyuma ya chombo, akazungusha kitufe kidogo kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Picha ikasita, ikapanda mara moja zaidi, kisha ikatulia. Mchezo ulikwisha kwa bao moja kwa moja, na kwa kuwa Gor Mahia ilipata mabao mawili ugenini, kombe likabaki Kenya. Mtaa mzima ulikesha kwa ngoma. Wenzangu walikumbuka bao. Mimi nilikumbuka kitufe.

Miezi michache baadaye kitufe nacho kilishindwa kazi, nikafuatana na baba kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye. Fundi yule alikuwa mtu wa maneno mengi, na alipoona mtoto anamtazama badala ya kucheza nje, alifurahi kupata msikilizaji. Alinieleza kwamba kituo cha televisheni hakitumi picha nzima kwa mkupuo mmoja. Hutuma mistari, mmoja baada ya mwingine, 625 kwa kila picha, na picha 25 kwa kila sekunde. Mwisho wa kila mstari hutumwa alama fupi, na mwisho wa picha hutumwa alama nyingine inayokiambia chombo: rudi juu, anza tena. Kila televisheni ina mapigo yake ya ndani, kama moyo. Nayo mapigo hayo hupaswa kushikwa na alama ya kituo. Yasiposhikwa, kioo huanza picha mpya kabla ya wakati au baada yake, na hapo ndipo picha hupanda au hushuka.

Nilimwuliza alama hiyo ni ya kampuni gani. Juu ya rafu zake palikuwa na Philips, Sony, Hitachi na Great Wall, zote zimefunguliwa matumbo.

“Alama haina kampuni,” akasema. “Kampuni hutengeneza masanduku. Alama ni ya wote, imeandikwa vitabuni, ndiyo maana mimi mmoja naweza kuyatibu masanduku yote haya.”

Njiani baba alirudia jambo hilo kwa lugha ya kazi yake. Yeye alikuwa mtumishi wa reli katika gati la Kisumu, na kazi yake ilikuwa kuyaingiza mabehewa melini. Msomaji asiyeijua Kisumu huenda akadhani natania, lakini sivyo. Meli iitwayo MV Uhuru, ya miaka ya 1960, ina reli juu ya sitaha yake. Mabehewa husukumwa kutoka nchi kavu yakaingia melini, yakavuka ziwa hadi Port Bell huko Uganda au Mwanza huko Tanzania, na huko yakaburutwa tena juu ya reli bila gunia moja kushushwa. Hayo yaliwezekana kwa sababu reli iliyofika ufuko wa Kisumu mwaka 1901 ilikuwa na upana wa mita moja, na reli za Uganda na za Tanganyika zilikuwa za kipimo hicho hicho. “Behewa haliulizi reli jina la baba yake,” baba alipenda kusema.

Sisemi kwamba kipimo kikiwa cha wote taabu zote huisha. Reli mpya itokayo Mombasa, iliyofika Suswa upande wa Naivasha mwaka 2019, ina upana wa milimita 1,435, kipimo kinachotumika katika sehemu kubwa ya dunia na kisicho mali ya mtu yeyote. Hata hivyo haikuweza kuyapokea mabehewa ya kale, wala reli ya kale haikuweza kuyapokea yake. Vipimo viwili vya wote vyaweza kukosana kama ndugu wawili wema. Lakini katika ugomvi huo hakuna mtu anayesimama mlangoni akidai ada ya kupita, na tofauti hiyo niliielewa vema mapema mwaka 2015, mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa Kisumu na kila nyumba ikahitaji king'amuzi.

Kenya ilikuwa imechagua njia ya kurusha picha iitwayo DVB-T2, nayo ni njia iliyoandikwa wazi. Kiwanda chochote chaweza kutengeneza chombo cha kuipokea. Mimi, kwa haraka, nilimnunulia mama king'amuzi cha kampuni moja ya kulipia kila mwezi, maana kilikuwa rahisi dukani. Nilipochelewa kulipa, kioo kikawa cheusi, pamoja na vituo nilivyoamini kuwa ni vya bure. Nikanunua king'amuzi cha pili, kisicho na kufuli. Kwa muda mrefu vyombo hivyo viwili vilikaa juu ya kabati moja, vikitazamwa na mawimbi yale yale, kimoja kikiona na kingine kikiwa kipofu kwa amri. Mama hakunilaumu. Alitandika kitambaa chake cha kufuma juu ya kile kipofu akaweka redio juu yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2019 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, aliazimia kufungua chumba cha michezo ya kompyuta karibu na Kondele, vijana waje walipe kwa saa. Mama yake huuza omena sokoni Kibuye kwa gorogoro, na kwa miaka kadhaa alikuwa ameweka akiba ambayo sikujua kiasi chake mpaka siku alipoileta mbele yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, na nilikuwa na haki ya mkopo katika chama chetu cha akiba. Dada aliniambia hivi: “Mimi sijui vyombo vyenu. Wewe ndiwe mjomba wake. Fedha hizi zikipotea, nitakujia wewe.”

Kompyuta alikwisha kuzipata, zilizotumika lakini zenye nguvu, na ndani yake mlikuwa na kadi za picha za kampuni ya Nvidia. Zilibaki kununuliwa vioo. Alinionyesha kwanza ubaya wa kioo cha kuazima. Gari lilipokata kona kwa kasi, picha ilichanika katikati: nusu ya juu ya jengo ilisimama mahali pamoja na nusu ya chini hatua moja pembeni, kama karatasi iliyoraruliwa ikaunganishwa vibaya. Nilitabasamu, maana nilimwona rafiki wa zamani. Ugonjwa huu na ule wa mwaka 1987 ni wa ukoo mmoja.

Kioo cha kawaida hujichora upya mara 60 kila sekunde, kutoka juu hadi chini, wala hakimngoji mtu. Kadi ya picha, ambayo ndiyo hubuni kila picha ya mchezo, haina mwendo wa saa kama huo. Barabara tupu huichora upesi. Barabara yenye magari ishirini, moshi na mvua huichora kwa taabu. Picha mpya ikikamilika wakati kioo kimefika katikati ya kazi yake, sehemu ya juu hubaki ya picha ya zamani na ya chini huwa ya picha mpya. Dawa ya kale ni kuilazimisha kadi ingoje pigo la kioo. Dawa hiyo huponya mchaniko na kuleta maradhi mengine: kadi ikilikosa pigo hata kwa kitambo kidogo kabisa, hungoja pigo lijalo, na picha 60 hushuka ghafla kuwa 30. Mchezaji huhisi gari limekuwa zito mkononi mwake.

Nafuu ya kweli ni kugeuza utumishi: kioo kiingoje kadi. Nilimfananishia mpwa wangu na mashindano ya mashua tuliyoyatazama pamoja Dunga. Mwimbishaji mwema hana saa mkononi. Huyatazama makasia, na lile lililochelewa likiwa bado halijatoka majini, huuvuta wimbo wake kidogo, kisha hulidondosha neno pale makasia yote yanapokuwa tayari. Mwimbishaji mbaya huimba kwa kasi yake mwenyewe, na mashua huyumba. Kioo nacho, kati ya picha moja na inayofuata, kina kituo kidogo cha kupumzika. Asili yake ni ule muda ambao mwale wa televisheni za kale ulihitaji ili kurudi kutoka chini hadi juu. Kituo hicho kikirefushwa mpaka picha mpya ifike, hakuna mchaniko wala uzito.

Nvidia ndiyo iliyotangaza jambo hili kwa vioo vya mezani, mwezi wa Oktoba mwaka 2013 katika mji wa Montreal, na ikaliita G-Sync. Tuwape haki yao. Walitengeneza kipande maalumu chenye kumbukumbu yake, kikawekwa ndani ya kioo mahali pa kile cha kawaida, na kazi yake ilikuwa safi. Lakini kipande kilikuwa chao peke yao, kiliongeza bei ya kioo kwa dola mia moja au zaidi, na kilisikiliza kadi zao tu. Hapo mwimbishaji alikuwa hodari, ila alikubali kuwaimbishia wapiga makasia wa ukoo mmoja.

Yaliyofuata yalinifurahisha nilipoyasoma. Katika kompyuta za kupakata, kanuni ya kuunganisha vioo vya ndani ilikuwa tayari na njia ya kurefusha kile kituo, kwa ajili ya kuokoa umeme. Kampuni ya AMD, mshindani wa Nvidia, ilionyesha mwezi wa Januari mwaka 2014 kwamba njia hiyo yatosha kwa michezo. Mwezi wa Mei mwaka huo huo VESA, chama cha viwanda kinachoandika kanuni za vioo, kikaitia katika waya wa DisplayPort kwa jina la Adaptive-Sync, bila kudai ada ya kuitumia. AMD ikaitumia chini ya jina la FreeSync, na vioo vyake vikafika madukani mwaka 2015.

Ingekuwa hadithi ya watoto, hapa wema wangeshinda. Haikuwa hivyo. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, waliingia wazuri na wabaya. Vioo vingine viliweza kungoja kwa wigo mfupi tu, mathalani kati ya picha 48 na 75 kwa sekunde. Mchezo ukishuka chini ya 48, kasoro zote zilirudi. Vingine vilimetameta kama taa yenye mafuta haba. Mnunuzi wa kile kilichofungwa alilipa zaidi, lakini alijua anachokipata. Mnunuzi wa kile kilicho wazi alipaswa kusoma, kuuliza na kulinganisha. Mwezi wa Januari mwaka 2019 Nvidia ilipokubali hatimaye kadi zake zivisikilize vioo vya kanuni ya wote, ilisema imevipima vioo 400, na 12 tu ndivyo vilivyofaulu mtihani wake. Vilivyosalia mtu aliruhusiwa kuvijaribu kwa hiari yake. Ni kweli kwamba mtahini alikuwa na maslahi yake, lakini mtu aliyewahi kununua chaja barabarani hataicheka hesabu hiyo. VESA yenyewe ilianza kuvipima na kuvitia alama vioo vya namna hii mwaka 2022, miaka minane baada ya kuandika kanuni, na kwa maoni yangu ilichelewa mno. Mwaka 2024 Nvidia nayo ilitangaza kwamba, kwa kushirikiana na MediaTek, sifa za G-Sync zingeweza kutiwa katika vipande vya kawaida vya vioo, pasipo kipande chake cha pekee.

Mwaka ule wa 2019 sisi hatukuyajua ya mbele. Tulikuwa na mfuko wa dada yangu juu ya meza, na hesabu rahisi: fedha zilitosha vioo viwili vyenye kipande maalumu, au vitatu vya kanuni ya wote na salio dogo la viti. Mpwa wangu alitaka viwili. “Mjomba,” alisema, “vijana wa Kondele wanalijua jina. Wakiona ile alama mlangoni wataingia.” Sikumdharau, alizijua fikira za wateja wake kuliko mimi. Nilimwuliza, je, baada ya miaka miwili ukipata kadi ya AMD kwa bei nzuri? Akanijibu kwamba biashara ikifa mwezi wa tatu, hiyo miaka miwili ataila wapi? Naam, hata leo sina jibu kamili la swali lile. Tulikesha tukisoma orodha za vioo, tukaviondoa vyote vyenye wigo mfupi, tukabaki na cha namna moja ambacho wigo wake ulianzia 48 na kufika 144. Nikasema nitaweka mkopo wangu rehani kwa uchaguzi huo: vikishindwa, nitalipa mimi, si mama yake. Akakubali, ingawa uso wake haukukubali.

Vioo vilikuja kwa basi kutoka Nairobi. Tuliviunganisha kwa waya ambazo mimi mwenyewe nilizinunua kwa bei ya chini ili kuokoa fedha, tukaufungua mchezo wa magari, gari likakata kona. Picha ikachanika vile vile.

Siku tatu tulihangaika. Tulibadili programu, tukabadili kompyuta, tukasoma maelezo mpaka macho yakauma. Nilianza kuyafikiri maneno ya dada yangu kwa makini, na nikaanza pia kuitukana moyoni mwangu ile kanuni ya wote, pamoja na fundi wa Kibuye na behewa la baba. Siku ya tatu jioni mpwa wangu alikaa kimya mbele ya karatasi iliyokuja ndani ya sanduku, akaisoma mstari kwa mstari, kisha akaniuliza kwa adabu sana, “Mjomba, waya ulizonunua ni za aina gani?”

Zilikuwa za HDMI. Mapatano yale yalikuwa yameandikwa katika DisplayPort, na kwa kadi na vioo vyetu hayakuwa na njia nyingine ya kupita. Kioo hakikuwa na kosa, kadi haikuwa na kosa. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyekuwa ameyaziba makasia. Hakunicheka. Asubuhi yake alizunguka mjini mpaka akapata waya tatu zilizofaa, za kiwanda ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia jina lake, akazichomeka, akawasha kile kibali cha kungoja. Gari likakata kona, na majengo yote yakapita yakiwa mazima.

Dada alifika saa za magharibi akitoka sokoni, beseni lake kichwani, harufu ya omena ikamtangulia mlangoni. Alisimama nyuma ya mwanawe akaitazama barabara ikikimbia juu ya kioo kwa muda mrefu.

“Jana ilikuwaje?” akauliza.

Mwanawe akachomoa waya mmoja, akarudisha wangu wa zamani, akamwonyesha. Kisha akarudisha ule mpya, akamwonyesha tena.

“Mimi naona gari tu,” dada akasema. Akalitua beseni chini, akaketi juu ya kiti kimojawapo cha wateja. “Haya, nifundisheni kulizuia, halafu tuhesabu deni la mjomba wako.”